Jina la Maradhi na Msimbo Wake: Mfano wa Pemba

Mhadhara huu unahusu mahali ambapo leksikografia ya Kiswahili hukutana na taaluma ya taarifa za afya. Katika taaluma hiyo, ontolojia ni mpangilio wa dhana za kitabibu unaoiwezesha kompyuta kutambua kwamba jambo fulani ni aina ya jingine, ni sehemu yake, au husababishwa nalo. Mtafiti wa ontolojia, kwa hiyo, hatoshelezwi na orodha ya majina. Humlazimu kubainisha uhusiano.

Huko Wawi, si mbali na Gombani, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kujulikana kwa utafiti wa kichocho na minyoo. Kwa mkaazi wa Gombani, kichocho ni maradhi ya kukojoa damu. Kisiwani Pemba huletwa na Schistosoma haematobium, na katika toleo la 10 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa msimbo wake ni B65.0. Kandokando ya Ziwa Viktoria, hata hivyo, neno hilohilo hutumika pia kwa kichocho cha tumbo, kiletwacho na Schistosoma mansoni, chenye msimbo B65.1. Neno ni moja, dhana ni mbili. Kompyuta isiyojua neno limesemwa wapi itazichanganya.

Mfano wa pili, degedege, ni mzito zaidi. Neno hili hujulikana visiwani na bara. Mwaka 1996 Peter Winch na wenzake walichapisha utafiti wa majina ya homa wilayani Bagamoyo. Ilibainika kwamba wenyeji wengi hawakuihusisha degedege na malaria; mtoto aliyeshikwa nayo aliweza kupelekwa kwanza kwa mganga, na dawa ya malaria ikachelewa.

Je, degedege iandikwe kuwa kisawe cha malaria ya ubongo, B50.0? La. Mtoto huweza kukakamaa na kutikisika kwa sababu ya homa nyingine, homa ya uti wa mgongo au kifafa. Je, neno liachwe nje? Hapo kauli ya mama aliyemfikisha mwanawe kituoni itapotea kabla ya kuingia katika takwimu. Lililo sahihi ni kulipa neno nafasi yake, kisha kuliunganisha na dhana hizo kwa uhusiano wa “huweza kuwa dalili ya”.

Toleo la 11 la Ainisho lilianza kutumika mwaka 2022. Misimbo imebadilika, tatizo la maneno limebaki. Kwa kuhitimisha, mwanafunzi wa isimu anayekusanya majina ya maradhi hana budi kuandika pia linasemwa wapi, linataja dalili zipi, na msemaji huenda kutibiwa wapi. Bila ya hayo, msimbo utakuwa sahihi na mgonjwa atakuwa hakueleweka.