Kabla Hujauza Nyumba Shela

Leo tuko Lamu, mji ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na kijiji jirani cha Shela. Huko nyumba nyingi za mawe, zenye daka mlangoni na vidaka ukutani, zimenunuliwa na watu wa mbali. Zinafunguliwa wakati wa likizo au kupangishwa watalii. Siku nyingine mkazi ni mlinzi tu.

Ukifuatwa na dalali, usikimbilie kuuza. Ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu asiye raia kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Nawe unaweza kumkodisha kwa miaka michache, nyumba ikawarudia wanao. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mke na mume. Ya mirathi, warithi wote wakae kwanza, dada zenu wakiwemo!

Linaloniuma zaidi ni maji. Maji matamu ya mji wa Lamu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua inachujika mchangani, kisha maji yake yanaelea juu ya yale ya chumvi. Ukijenga vilimani unaziba njia ya mvua. Ukivuta mno kujaza bwawa la kuogelea, chumvi inapanda visimani, na mama wa mtaa wa Langoni, mjini Lamu, anachota ndoo isiyonyweka. Basi andikeni sharti la maji ndani ya mkataba, na wakili wako ausome kabla hujatia sahihi.