Mke wa Mgombea Hana Kura ya Ndoa
Mazungumzo na akina mama na akina baba wa Mlingotini, Bagamoyo



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo akina mama wa mwani wamekuwa wakiulizana. Chama kinapokutana kumteua mgombea, yule mke wa mgombea anayekaa mbele, kazi yake nini hasa? Ana kura? Ana amri? Wengine wanasema yeye ndiye anayempanga mumewe. Wengine wanasema ni pambo tu. Nitasema ninavyojua, kisha mtaniuliza.

Kwanza tuelewane juu ya mkutano wenyewe. Mkutano wa uteuzi si uchaguzi wa nchi. Ni watu wa chama kimoja wanakutana ili wapate jina moja la kulipeleka kwa wananchi wote. Nitatoa mfano wa CCM, kwa kuwa ndicho kilichotoa marais wetu. Wanaoomba urais wakiwa wengi, Kamati Kuu huchuja wabaki watano. Halmashauri Kuu ya Taifa huchuja tena wabaki watatu. Hao watatu hupelekwa mbele ya Mkutano Mkuu, Dodoma, na wajumbe hupiga kura ya siri. Mjumbe ni mtu aliyetumwa na wenzake, au aliyeingia kwa cheo chake ndani ya chama. Kuolewa na mgombea si cheo.

Sasa mfano wa karibu. Tarehe 4 Mei 2005 wajumbe walikutana katika ukumbi wa Chimwaga. Majina yalikuwa matatu: Jakaya Kikwete, Salim Ahmed Salim na Mark Mwandosya. Kikwete alipata kura 1,072. Salim alipata 476. Mwandosya alipata 122. Mwenye kalamu ajumlishe, atapata 1,670.

Kikwete mnamjua. Ni mtu wa Msoga, upande wa Chalinze, na mwaka 1990 aliingia bungeni kama mbunge wa Bagamoyo. Huenda wazee wengine waliomo humu walimpigia kura. Mkewe, Mama Salma, ni mzaliwa wa Lindi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi. Katika zile kura 1,072, hakuna hata moja iliyopatikana kwa sababu Salma ni mke wa Jakaya.

Basi kama hana kura, anafanya nini? Hapa msikilize vizuri, maana ndipo penye mambo.

Siku za mkutano wajumbe hutoka kila wilaya. Kila mmoja anataka kumwona mgombea. Mgombea hana nafasi. Basi wanakwenda kwa mke. "Shikamoo mama. Habari za safari? Mama, mwambie mzee tupo." Mwingine ana barua. Mwingine ana mtoto wake hana kazi. Mwingine hataki kitu, anataka tu akumbukwe. Mama yule anatabasamu tangu asubuhi hadi usiku, miguu inamwuma, na hawezi kusema amechoka. Akinuna kidogo, watasema ana majivuno. Akicheka sana, watasema ana papara ya Ikulu. Akikaa kimya, watasema hajui kitu.

Lakini msimwonee huruma tu. Yule aliyekaa mlangoni ana nguvu. Anaweza kumwingiza mtu, anaweza kumwambia mtu mzee amelala. Nguvu hiyo hakupigiwa kura, na haimo katika katiba ya chama chochote. Ndiyo maana watu wenye shida zao huitafuta sana. Mtu akiona mlango wa mbele una foleni, anazunguka jikoni.

Halafu iko kazi nyingine, nayo kwa maoni yangu ni ngumu kuliko zote. Matokeo yakishasomwa, wenzao wawili wameshindwa. Nao wana wake zao, au waume zao, na wote wamo katika mji ule ule. Kwenda kumshika mkono mwenzako aliyeshindwa, bila kumcheka na bila kumsimanga, kunataka utu. Chama kinaweza kupasuka kwa neno moja la dharau lililosemwa jikoni.

Sasa angalieni Mama Salma alivyokwenda mbele. Mwaka 2012 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Halmashauri Kuu ya Taifa kutoka Lindi Mjini. Mtu anaweza kuuliza: nani angethubutu kushindana na mke wa Rais? Ni swali la haki, na mimi silifuti. Hata hivyo tazameni tofauti. Mkutano Mkuu ulipokutana tena Dodoma mwezi Julai 2015, yeye alikuwa mjumbe kwa cheo chake mwenyewe. Alikuwa na haki ya kura moja, sawasawa na mjumbe aliyetoka Mafia au Kigoma. Katika mkutano ule John Magufuli alipata kura 2,104, Amina Salum Ali 253 na Asha-Rose Migiro 59. Naam, katika majina matatu, mawili yalikuwa ya wanawake. Mwaka 2020 Mama Salma akawa mbunge wa Mchinga, huko huko Lindi.

Nchi nyingine zina desturi zao. Kwetu mgombea husimama akajieleza mwenyewe. Marekani mke au mume wa mgombea hupewa jukwaa, akasema mbele ya watu maelfu. Aliyeanzisha ni Eleanor, mke wa Rais Franklin Roosevelt. Ilikuwa Julai 1940, mjini Chicago. Roosevelt alikuwa anaomba awamu ya tatu, naye hakwenda mkutanoni. Wajumbe walikuwa wanakasirika kwa sababu ya mtu aliyemtaka awe makamu wake, Henry Wallace. Ukumbi una makelele, watu wanazomea. Eleanor akapanda ndege, akaenda. Alisema maneno machache tu, akawakumbusha kwamba nchi ilikuwa katika wakati mgumu. Watu wakanyamaza, wakamsikiliza. Usiku ule Wallace akapita. Lakini waliompitisha ni wajumbe.

Na siku hizi mambo yamegeuka. Mwaka 2015 Magufuli alimchukua Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea mwenza. Mwaka 2021 Magufuli alifariki, Samia akawa Rais, na Januari 2025 mkutano mkuu maalumu wa CCM pale Dodoma ukampitisha agombee. Basi mwenzi wa mgombea mwaka 2025 alikuwa mwanamume. Anaitwa Hafidh Ameir, mtaalamu wa kilimo aliyestaafu. Haonekani sana hadharani. Je, mmewahi kusikia watu wakibishana amevaa nini? Au kwamba hakutabasamu vya kutosha? Akina baba mnacheka, lakini fikirini. Kwa mwanamume ukimya ni heshima. Kwa mwanamke tunauita kiburi.

Sasa turudi hapa kijijini, maana Dodoma ni mbali. Wakati wa kura za maoni za udiwani na ubunge, mgombea hamtumi karani kwa akina mama. Anamtuma mkewe. Anakuja pwani maji yakitoka, anavua viatu, anawasaidieni kufunga mbegu za mwani kwenye kamba. Hilo ni jema. Lakini kwenye gari mna khanga, na mna sukari. Anasema, "Hizi si rushwa jamani, ni zawadi ya mwanamke kwa wanawake wenziwe."

Zamani sheria iliruhusu jambo hilo, likaitwa takrima. Liliingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaamua kwamba takrima inavunja Katiba, ikaifuta. Kisha ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010. Sheria hiyo inagusa hata uteuzi ndani ya chama, wala haimwachi yule anayetoa kwa niaba ya mgombea. Khanga ya mkewe ni khanga ya mumewe. Na wewe mjumbe ukiipokea ili umpe kura, nawe umo.

Najua ni vigumu. Mgeni hafukuzwi, na sisi watu wa pwani tuna haya. Mkaribisheni, mpeni dafu, aketi. Mwulizeni mumewe atafanya nini juu ya bei ya mwani, na kama anajua kilo moja inachukua siku ngapi kukauka. Akijibu, mmepata habari ya mumewe. Asipojibu, mmepata habari vile vile. Khanga arudi nazo kwenye gari.

Haya, naona mikono miwili upande wa akina mama. Bibi, anza wewe.