Talaka na Gharama Zake: Mwananchi Aulize Kabla ya Kuuza Ng'ombe

Mazungumzo kwa wananchi wa Nyeri na miji inayouzunguka Mlima Kenya



Ndoa ni nguzo ya jamii, na hakuna mzee mwenye busara awezaye kuwashauri watu waivunje kwa hasira ya siku moja. Hata hivyo ziko ndoa zinazovunjika baada ya kila shauri kujaribiwa. Ikifika saa hiyo, mume au mke hupatwa na hofu ya pili, nayo ni hofu ya gharama. Yuko mtu atakayeuza ng'ombe wa maziwa, au kukopa juu ya malipo ya majani chai ambayo hayajafika, ili amlipe wakili kwa kazi ambayo sehemu yake kubwa angeweza kuifanya mwenyewe. Yuko na mwingine ambaye, kwa kuwa hana kitu mfukoni, hunyamaza na kurudi kwao mikono mitupu, akaliacha shamba alilolilima miaka ishirini.

Makosa haya mawili yana mzizi mmoja. Watu hudhani kwamba kuachana ni kesi moja kubwa isiyoweza kuguswa na mtu yeyote ila wakili. Kumbe ni mambo manne yaliyofungwa pamoja: kuvunjwa kwa ndoa yenyewe, malezi ya watoto, matunzo ya mwenzi, na mgawanyo wa mali. Kila jambo lina njia yake na gharama yake. Mwenye kuyatenga tangu mwanzo ataweza kuzitumia shilingi zake chache mahali pale tu zinapohitajiwa.

KUIJUA NDOA NA MAHAKAMA YAKE

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za namna tano: za Kikristo, za serikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Waislamu hupeleka mashauri yao kwa Kadhi. Wengine hupeleka ombi la talaka kwenye mahakama ya hakimu, na jambo hili lafaa lijulikane sana, maana huokoa nauli na siku za kazi. Mkazi wa Mathira anayo mahakama Karatina. Ziko mahakama Nyeri mjini, Othaya na Mukurweini. Ziko pia Nanyuki, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru. Hakuna haja ya kusafiri mpaka Nairobi kwa sababu ya kuvunja ndoa tu.

Aliyefunga ndoa kanisani au kwa mkuu wa wilaya aanze kwa kukitafuta cheti chake. Aliyeoa au kuolewa kwa mila anatakiwa na sheria awe ameiandikisha ndoa hiyo. Ikiwa haikuandikishwa, itambidi athibitishe kuwa ndoa ilikuwapo, na mashahidi wake ni wale waliohudhuria kutolewa kwa ruracio na kuchinjwa kwa mbuzi wa ngurario. Majina yao yaandikwe mapema, kwa kuwa wazee huondoka duniani na ushahidi huondoka nao.

Sheria hiyo hiyo yaruhusu wenye ndoa ya kimila wapite kwanza katika usuluhishi wa mila, na wenye ndoa ya Kikristo wapatanishwe na kanisa lao. Kikao cha wazee chaweza kuokoa fedha nyingi, hata kama hakikuiokoa ndoa, ikiwa watu watatoka hapo wamekubaliana juu ya watoto na mali. Lakini njia ya talaka iliyowekwa na sheria ni ombi mbele ya mahakama. Kwa hiyo mke anayeambiwa kwamba mahari imerudishwa na hana tena neno la kusema, asikubali haraka, wala asitie sahihi wala kidole gumba katika karatasi ambayo hakusomewa akaielewa.

Ikiwa nyumbani mna vipigo, usuluhishi usingojewe. Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 humruhusu anayeteswa kuiomba mahakama amri ya kumlinda, hata kama bado hajaomba talaka. Nambari ya simu 1195 hupokea taarifa za ukatili wa namna hiyo, na nambari 116 ni kwa ajili ya watoto.

MAHALI PA KUPATA MSAADA

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 48, inasema kuwa ada ya kutafuta haki, ikiwa yapasa kulipwa, iwe ya kadiri na isiwe kizuizi. Ili neno hilo litimizwe, Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2016, ambayo iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Kazi yake ni kumsaidia asiye na uwezo kwa kumpa ushauri, kumwandikia hati, kumsaidia kufikia mapatano, na hata kumpatia wakili wa kumsimamia. Huduma hii ni ya wanaume na wanawake. Lakini haitolewi kwa kila aombaye: uwezo wa mtu huchunguzwa, msingi wa shauri lake hutazamwa, na lazima fedha za kazi hiyo ziwepo. Kwa hiyo mwenye kuhitaji msaada aombe mapema, asingoje mpaka siku ya kusikilizwa kesi imekaribia.

Kwa wanawake, Shirikisho la Mawakili Wanawake, ambalo wengi hulijua kwa jina la FIDA, limekuwapo nchini tangu mwaka 1985. Lina ofisi Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hutoa ushauri, na zaidi ya hayo huwafundisha wanawake jinsi ya kuandika hati zao na kusimama wenyewe mbele ya hakimu. Elimu hiyo ni hazina, kwani talaka isiyopingwa, ambayo mambo yake yako wazi, si kazi inayomshinda mtu aliyefunzwa vizuri.

Chama cha Wanasheria wa Kenya nacho huwa na juma lake la mafunzo ya sheria kila mwaka, ambapo mawakili huketi mahakamani kuwashauri wananchi bila malipo. Mwananchi akiulizia tarehe zake katika mahakama iliyo karibu naye, aweza kupata katika nusu saa jibu ambalo angelinunua kwa bei kubwa.

Asiyeweza kulipa hata ada ya mahakama asikate tamaa. Kanuni za mashauri ya madai za mwaka 2010, katika agizo la 33, humruhusu mtu maskini kuomba kufungua shauri bila ya ada hiyo, baada ya kueleza mali yote aliyo nayo. Upo pia upatanishi unaosimamiwa na mahakama yenyewe, ambao ulianza Nairobi mwaka 2016 na kuenezwa katika sehemu nyingine za nchi. Wenye shauri hawamlipi mpatanishi, na mapatano yao yakiisha kupokewa na mahakama huwa na nguvu kama amri yake.

WATOTO NA MALI

Katika jambo la watoto, wa kwanza kuendewa ni ofisa wa watoto wa serikali. Yeye aweza kuwaita wazazi wote wawili na kuwasaidia kukubaliana nani atakaa na mtoto, nani atalipa karo, na mzazi mwingine atamwona siku gani. Katiba inasema wajibu wa kumtunza mtoto ni wa baba na mama sawasawa, wawe wameoana au la. Basi haki ya mtoto haingoji talaka imalizike.

Mali ndiyo sehemu ngumu, na hapa ndipo fedha za wakili hutumika kwa faida. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 huigawa mali kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja. Mchango huo si fedha peke yake: kazi za nyumbani, malezi ya watoto, usimamizi wa biashara na kazi ya shambani vimetajwa ndani ya sheria. Mahakama ya Juu ilieleza mwezi wa Januari 2023 kwamba nusu kwa nusu si jambo la moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe alichochangia.

Katika nchi ya Nyeri mashamba mengi yalitoka kwa baba wa mume. Shamba la urithi wa kabla ya ndoa halihesabiwi kuwa mali ya ndoa. Lakini mwenzi aliyeliendeleza, kwa kupanda kahawa au kujenga nyumba, hupata haki katika yale maendeleo kwa kadiri ya mchango wake. Kwa hiyo risiti za chama cha ushirika cha kahawa, karatasi za malipo ya chai, taarifa za M-Pesa, na stakabadhi za mabati na saruji zihifadhiwe. Kuzikusanya ni kazi ya mwenye shauri mwenyewe, wala haina malipo. Na mwenye hofu kuwa shamba litauzwa kwa siri aweza kwenda ofisi ya ardhi kuweka zuio juu ya hati yake, hata kabla ya kesi kufunguliwa.

KUJIHADHARI

Karibu na mahakama hawakosi watu wanaojiita mawakili na kuahidi talaka ya siku tatu. Jina la wakili wa kweli hupatikana katika orodha ya Chama cha Wanasheria, ambayo imo mtandaoni. Kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, mwananchi aulize malipo ni ya kazi gani, yatalipwa mara ngapi, na kama ada ya mahakama imo ndani yake. Kisha ataka jibu hilo kwa maandishi, pamoja na risiti. Wakili akila fedha bila kufanya kazi, iko Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mwenye shida hii aende na cheti chake, majina ya mashahidi wake na risiti zake, aulize kwanza pale pasipo malipo. Akiisha kujua ni lipi linalomshinda, ndipo amtafute wakili kwa hilo moja, na ng'ombe wake abaki zizini kuwapa watoto maziwa.