Amana Kabla ya Safari

Kila sifa njema inamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia waja Wake wakati wa kuchuma na wakati wa kupumzika. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wawafuatao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ammaa baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunajiusia nafsi zetu pamoja nanyi kumcha Yeye kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu, mji wetu huu wa Dodoma umekuwa mji wa watu wengi wanaofanya kazi mbali na kwao. Uamuzi wa kuhamishia hapa makao makuu ya nchi ulipitishwa mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 wizara zilihamia kwa wingi. Basi wako miongoni mwetu watumishi ambao wake zao na watoto wao wamebaki Dar es Salaam, au Tanga, au Kondoa, nao huonana sikukuu kwa sikukuu. Kwa mtu kama huyu likizo ni haki ya jamaa zake iliyokwisha kucheleweshwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, na imemkataza mwajiri kumfanyisha kazi katika siku hizo. Lakini sheria huutoa mwili ofisini. Moyo haina uwezo nao. Ni wangapi tunaowaona wamepanda basi, au treni ya umeme iliyoanza kufika hapa mwaka 2024, watoto wamewazunguka, nao simu sikioni toka Dodoma mpaka Morogoro, wakieleza faili liko wapi na ufunguo anao nani? Watu hao wamesafiri, nao hawajaondoka.

Sababu kubwa ya jambo hili ni kuondoka bila ya kukabidhi. Nasi katika Sura ya An-Nisaa tumeamrishwa kuzifikisha amana kwa wenyewe. Mtazameni Mtume wetu (S.A.W.) alipohama Makka mwaka 622. Makureshi walikuwa wamekwisha kula njama ya kumwua, na nyumbani kwake mlikuwamo amana za watu wa Makka. Katika saa ile ya hatari alimwacha nyuma Sayyidna Ali bin Abi Talib (R.A.) azirudishe kwa wenyewe, naye Ali hakumfuata Madina mpaka alipokwisha kuzirudisha. Ikiwa anayewindwa hakuondoka bila ya kukabidhi, sisi tunaokwenda likizo tuna udhuru gani?

Twalisema hili hali twajua kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja tulifunga safari na jamaa zetu kwenda pwani, na ufunguo wa kabati la misahafu ya madrasa umo mfukoni mwetu. Wanafunzi wakakaa siku nne bila ya msahafu mkononi. Nasi huko pwani hatukupumzika, kwani kila asubuhi tulikwenda stendi kumtafuta mtu mwaminifu wa kuurudisha. Ufunguo mmoja ukawadhulumu wanafunzi, mwalimu tuliyemwachia darasa, na watoto wetu waliongoja twende nao ufukweni.

Basi mwenye kuazimia safari aanze juma moja kabla. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara ametuamrisha kuyaandika madeni, na kazi isiyokwisha nayo ni deni. Aandike kila shauri limefika wapi na nani analingoja. Amkabidhi mtu mmoja anayejulikana, kwa idhini ya mkubwa wake, na funguo zihesabiwe mkono kwa mkono. Mkulima wa Kongwa au Mpwapwa aliyeuza debe la karanga apate nauli ya kufuata haki yake, faili lake lisifungiwe katika mtoto wa meza mpaka bwana arudi. Limalizwe, au aambiwe amwone nani. Mwenye duka naye, na fundi, wawalipe vibarua ujira wao kabla ya kukata tikiti.

Tuige wakulima wa nyanda hizi za kati. Wao hulima kwa mvua za Desemba hata Aprili. Kisha huvuna, hupura mtama na kuutia ghalani, ndipo wakaketi na jamaa zao. Hakuna aketiye kwa raha hali mtama wake uko shambani ukiliwa na ndege.

HOTUBA YA PILI

Alhamdulillah, na sala na salamu zimfikie Mtume wa Mwenyezi Mungu.

Ndugu Waislamu, imepokewa kwamba Salman al-Farisi alimzuru nduguye Abu Dardaa, akamkuta mkewe hajishughulishi tena na pambo, kwa kuwa mumewe alikuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha. Salman akamkumbusha kwamba Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na jamaa zake wana haki. Kila mmoja apewe yake. Mtume (S.A.W.) alipopata habari, alimsadikisha Salman. Ikiwa ibada yenyewe haikuachiwa iile haki ya jamaa, sembuse faili?

Kwa hiyo, ukiisha kukabidhi, izime simu ya kazi. Nanyi wakubwa wa kazi, msimwite aliye likizoni kwa jambo ambalo aliyekabidhiwa aliweza. Mtoto aliyemngoja babake miezi mitatu, naye akaja na simu sikioni, atakwenda kumshitakia nani hapa duniani? Yuko amsikiaye.

Wala tusiisahau Sala njiani. Msafiri amepewa ruhusa ya kuipunguza, hakupewa ruhusa ya kuiacha.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe watimizaji wa amana, uwahifadhi wasafiri wetu, na uwakutanishe na jamaa zao kwa kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.