Kuongoza Nyimbo za Msiba

Leo nataka kuwaeleza kazi ya mtu asimamaye mbele ya wapigaji wa muziki, naye hapigi chochote: kiongozi wao.

Mshairi Mjerumani, Friedrich Rückert, alifiwa na watoto wake wawili. Katika miaka ya 1833 na 1834 alitunga mashairi zaidi ya 400 ya kuwalilia. Baadaye Gustav Mahler alichagua matano, akayatia muziki, na mwaka 1905 mjini Vienna akawaongoza wapigaji yeye mwenyewe.

Je, kiongozi afanyeje? Huenda mtu akadhani kwamba msiba mkubwa wataka sauti kubwa. Sivyo. Katika wimbo wa tatu mama aingia na mshumaa, naye baba hamtazami usoni. Atazama chini, karibu na kizingiti, mahali ambapo uso wa mtoto ungalionekana. Muziki ukipigwa kwa nguvu hapo, baba yule hatasikika.

Dhoruba iko, lakini ni ya wimbo wa tano. Kiongozi akizimaliza nguvu mapema, hiyo itakapofika haitamtisha mtu. Kisha yatulia, muziki ukageuka kama wa kumbembeleza mtoto alale; hapo asiharakishe. Tena Mahler aliagiza nyimbo zote tano zifuatane, zisikatizwe hata kwa makofi.

Basi kiongozi auzuie mkono wake. Akilia yeye, wapigaji watapotea. Akijizuia, wasikilizaji ndio watakaolia.