MGENI AKISHA KUONDOKA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama)



Nashukuru kupewa nafasi hii, ijapokuwa mimi ni karani tu, niliyezoea kuandika maneno ya wengine kuliko kusema yangu. Nimeombwa kunena juu ya barua ya wazee wa nyumbani, watakao tuwaombee mtu wa kujitolea kutoka ng'ambo, aje kuisaidia shule yao. Wengine wetu wasema, "Na aje upesi." Wengine wasema, "Hatuhitaji kusaidiwa." Mimi nasema aje, lakini kwanza tujiulize sisi wenyewe tutafanya nini.

Desturi hii si ngeni. Mwaka 1958 Bwana Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha huko Uingereza mpango wa kuwapeleka vijana waliomaliza shule kutumikia nchi nyingine. Mwaka 1961 Rais Kennedy wa Marekani aliunda Peace Corps, na mwezi wa Agosti mwaka ule ule vijana 51 wakashuka Accra, Ghana, kwenda kufundisha katika shule za sekondari. Kenya nayo ilipata wake baada ya uhuru. Watu wa Peace Corps hawaendi ila walikoalikwa na serikali, na muda wao kwa kawaida ni miaka miwili. Neno hili la muda ndilo nitakalo mlishike: mgeni huja hali siku yake ya kuondoka imekwisha kuandikwa.

Sasa nitasimulia aibu yangu. Shule niliyosoma utotoni ilipata mwalimu wa namna hiyo, binti kutoka Uingereza. Alifundisha hesabu na Kiingereza, na jioni aliwasomea wadogo hadithi. Aliandika barua kwao, yakaja masanduku matatu ya vitabu. Wazazi walichanga mawe na mchanga, fundi wa kijijini akajenga tangi la kukinga maji ya mvua kutoka paani, ili watoto wasishuke mtoni kabla ya masomo. Siku ya kuagana akina mama walimpa kiondo, na wengi walitokwa na machozi.

Mimi nalikuwa mwandishi wa kamati ya shule. Nilikabidhiwa ufunguo wa kabati la vitabu, nikarudi nao mjini kazini, ukalala katika saraka ya meza yangu miezi mitano. Kabati lilipofunguliwa, mchwa walikuwa wamekula rafu nzima ya chini. Bilula ya tangi nayo ilivuja kwa kuharibika kijipira kidogo cha ndani. Kila mtu alidhani ni kazi ya mwenzake, na maji ya masika yote yakamwagika ardhini. Watoto wakarudia mtoni na madebe yao. Mmoja wao akaniuliza, "Yule Mwalimu atarudi lini atufungulie kabati?" Swali lile lilinichoma moyo, maana halikumpitia hata kidogo kwamba mwenye ufunguo ni mimi.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa namna hii huja na jembe lake mkononi. Kwetu yapasa kujua ni nani atakayelipokea.

Kwa hiyo natoa mashauri manne. Kwanza, walimu na wazazi ndio waseme shule imepungukiwa na nini, wala si sisi tulio mjini. Pili, mgeni asipewe kazi awezayo kuifanya fundi wetu kwa ujira. Tatu, tangu siku ya kwanza mwalimu mwenyeji afanye kazi bega kwa bega naye, ili ujuzi usiondoke pamoja na mizigo. Nne, chama hiki kitenge fedha kidogo kila mwezi kwa matengenezo, na funguo zote zikae shuleni.

Tena tusisahau kwamba Wakenya nao wamekwenda nchi nyingine kujitolea. Je, sisi tutashindwa kutoa juma moja la likizo yetu kwa shule zilizotulea?

Ufunguo ule nimekwisha kuurudisha. Vitabu vilivyoliwa siwezi kuvirudisha. Naomba makosa yangu yawe faida yenu.