Kwanza tuulize batri: namna ya kuchagua ordinatere

Maneno tuliyosema katika mkutano wa wanachama, Baraka



Mmetuuliza swali, na mko na haki: pesa ya ordinatere ya kwanza ilienda wapi? Tutajibu bila kuficha. Tulinunua vibaya.

Tulikuta Uvira mashine kubwa ya mitumba, bei ndogo, prosesa yenye nguvu, tena na kadi ya picha ya kuchezea michezo. Tukafurahi. Hatukuuliza inakula wati ngapi. Ofisi yetu inaishi kwa jua: plaki na batri moja ya volti 12, ampea-saa 100. Zidisha: 12 mara 100 ni wati-saa 1200. Lakini batri ya asidi ikishushwa kila siku chini ya nusu, inakufa mapema. Kwa hiyo tuko na 600 tu. Mashine ile pamoja na skrini yake ilikula wati 120. Inveta nayo inakula kidogo, basi tulipata saa 4 hivi. Siku za mawingu ilizimika katikati ya kazi. Mwisho diski ikaharibika, na michango ya miezi 3 ikapotea humo.

Wengi wetu tulirudi kwa meli kutoka Kigoma kuanzia 2005. Kule Lugufu na Nyarugusu tulijifunza: ukipoteza karatasi, utapanga mstari kuthibitisha kwamba wewe ni wewe. Mama aliyefiwa akiambiwa jina lake halionekani kwenye orodha ya michango, yeye haoni kosa la diski. Anaona tumemwibia. Hiyo ndiyo hasara iliyopita dola.

Sasa tuseme namna ya kuchagua, hata kwa anayetaka moja ya nyumbani kwa ajili ya watoto.

Kwanza, wati. Tafuta zile mashine ndogo za ofisi, kama kitabu kinene, zinazotumia chaja kama ya laptop. Kwa Intel, angalia herufi T mwishoni mwa namba ya prosesa, mfano i5-8500T: hiyo imetengenezwa kwa wati 35, na kwa kuandika tu inakula chini ya hapo. Pamoja na skrini ndogo ya LED, hesabu 40. Batri ileile itatupa saa kama 12. Kadi ya picha acha, hatuchezi michezo.

Pili, diski. Chukua SSD. Haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hiyo inavumilia mitikisiko ya barabara yetu. GB 256 zinatosha kabisa kwa orodha na barua.

Tatu, memori. GB 8 zinatosha. Lakini DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, na mashine hizi ndogo zinatumia memori fupi ya laptop. Chomoa ya zamani, uende nayo dukani. Sisi tulienda mikono mitupu, tukalipa safari mara mbili.

Ine, programu. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haina tena ulinzi wa kawaida wa bure, na Windows 11 inakataa prosesa nyingi za zamani. Kwa Intel, omba kizazi cha 8 au zaidi. Ukikosa, Linux na LibreOffice ni za bure na zinafanya kazi yetu yote.

Usilipe kabla ya kuiwasha. Iache ifanye kazi nusu saa, sikiliza feni, jaribu kila tundu la USB.

Na hata mashine nzuri namna gani, itakufa siku moja. Kila Ijumaa orodha itanakiliwa kwenye flash mbili: moja kwa mtunza hazina hapa Baraka, nyingine Fizi. Daftari la mkono litaendelea pia.

Wafadhili wetu, aksanti kwa moyo wenu. Mkitaka kututumia mashine, msituambie kwanza nguvu yake. Tuambieni wati.

Na ninyi wanachama ambao michango yenu ilipotea: leteni risiti zenu. Tutaandika upya jina kwa jina, mbele yenu.